Risasi na Risiti

Lori linalotoka Mogadishu kwenda Baidoa na shehena ya unga, sukari na mafuta ya kupikia hupita kwenye vizuizi vya aina mbili. Vya kwanza ni vya askari wa serikali, au wanamgambo wa ukoo wanaojiita askari wa serikali, au wanamgambo wasiojisumbua kujiita chochote. Dereva hutoa pesa. Akisogea kidogo, kuna kizuizi kingine cha namna ile ile, hutoa tena, na mbele tena. Kiasi hakijulikani. Kinategemea bwana mwenye bunduki ameamkaje siku hiyo.

Vizuizi vya aina ya pili ni vya Al-Shabaab. Hapo kuna mtu mwenye daftari. Anatazama mzigo, anapiga hesabu, anataja kiasi ambacho dereva alikijua tangu akipakia, anapokea pesa na kuandika risiti. Kwenye kizuizi kinachofuata cha kundi hilo hilo, dereva anaitoa karatasi, inasomwa, anaambiwa apite. Hadaiwi mara ya pili.

Naam, risiti. Haya si maneno ya kijiweni. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameyaandika, watafiti wa Kisomali wa taasisi ya Hiraal mjini Mogadishu wameyaandika, na madereva wenyewe wameyasema kwa kila aliyewauliza. Nimeanza na kikaratasi hicho kwa sababu nimechoka na hadithi ya kivuli.

Hadithi yenyewe unaijua. Kila shambulio likitokea, studio za televisheni hujaa wataalamu, wengi wao maafisa wastaafu wenye suti nzuri, na wote huimba wimbo mmoja. Zamani, wanasema, vita vilikuwa kati ya dola na dola, jeshi likiliona jeshi. Siku hizi adui hana sare, hana kambi, hana mpaka, hana anuani. Watu wanne wenye bunduki zisizofika bei ya gari kuukuu wanaufunga mji mkuu siku nne, na jeshi lenye ndege na vifaru linabaki kutumbua macho. Gaidi anataka bahati mara moja tu, serikali inaitaka kila siku. Tena serikali imefungwa mikono: na katiba, na mahakama, na watu wa haki za binadamu, ilhali mwenzake hana kinachomfunga. Dawa basi ni kuifungua mikono hiyo. Tupewe ukuta, ndege zisizo na rubani, sheria kali na bajeti isiyoulizwa, na raia wapunguze maneno. Wasomi wameupa wimbo huu jina la heshima: vitisho visivyo na ulinganifu.

Ni hadithi inayopendwa kwa sababu haimlaumu mtu. Ikiwa adui ni kivuli, nani atamwuliza mlinzi alikuwa wapi? Mimi naona ina kasoro karibu katika kila kifungu chake, na kasoro hizo zimekwisha kutugharimu maiti nyingi.

Tuanze na anuani. Kivuli hakikusanyi kodi. Mwaka 2018 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kizuizi kimoja tu cha Al-Shabaab kwenye njia ya Baidoa, kilomita kama 160 kutoka Mogadishu, kilikuwa kinaingiza kiasi cha dola milioni 10 kwa mwaka. Mwaka 2020 taasisi ya Hiraal ilikadiria kwamba kundi hilo linakusanya si chini ya dola milioni 15 kila mwezi, na zaidi ya nusu yake inatoka Mogadishu, mji wenye ikulu, bunge na majeshi ya kigeni. Zidisha kwa 12. Mapato yote ya ndani ya serikali ya shirikisho ya Somalia mwaka huo yalizidi kidogo tu dola milioni 200. Mfanyabiashara anayeshusha kontena katika bandari iliyo mikononi mwa serikali hupigiwa simu na mtu anayejua tayari kilichomo ndani. Hatumiwi mzimu. Anatumiwa karani mwenye nakala ya orodha ya mizigo.

Kuna na mahakama. Raia wa Mogadishu wenye kesi za viwanja, wanaolala na kuamka chini ya bendera ya serikali, husafiri kwenda kusikilizwa na makadhi wa Al-Shabaab nje ya mji. Wanakwenda kwa sababu mahakama ya serikali itamsikiliza mwenye ukoo mkubwa na bahasha nene, na hata ukishinda, nani atamtoa mvamizi kiwanjani? Kule hukumu inatoka upesi, na ikitoka inatekelezwa, kwani kila mtu anajua malipo ya kuipuuza.

Nisieleweke vibaya, maana katika mjadala huu kuna watu wanaosubiri kwa hamu kuelewa vibaya. Makadhi hao hao hukata watu mikono na kuwapiga mawe hadi kufa. Lori lililolipuka Mogadishu tarehe 14 Oktoba 2017 liliua zaidi ya watu 500, wengi wakiwa wapita njia na abiria waliokwama kwenye foleni ya magari. Kodi wanayokusanya ni ya mtutu wa bunduki. Lakini ya wale wengine nayo ni ya mtutu wa bunduki, na haina risiti. Hapo ndipo ulinganifu ulipokosekana, wala hauhusiani na ukubwa wa bunduki. Kundi la wauaji limeamua kuiga dola, na dola imeamua kuiga genge.

Utasema Somalia ni Somalia, nchi iliyokaa miaka bila serikali, sisi huku Kenya tuna dola kamili. Sawa. Miaka michache nyuma nilikuwa abiria wa basi kwenye barabara moja ya pwani, sitaitaja. Tulisimamishwa kizuizini, tukashushwa wote, tukapangwa foleni juani na vipande mkononi. Kijana aliyekuwa mbele yangu hakuwa na kipande. Alikuwa na karatasi ya kusubiria, iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikawa laini kama leso. Juu yake aliweka noti ya shilingi 200, akaibana kwa kidole gumba. Karatasi ilipokelewa, ikasomwa kwa makini makubwa, ikarudi peke yake. Buti la basi lilikuwa na magunia ambayo hakuna kati yetu aliyejua ni ya nani. Halikufunguliwa. Tulipopanda, konda alituhesabu, akapiga ubavu wa basi mara mbili, tukaondoka. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza: kijana yule angekuwa na bomu, bei ingepanda?

Kijana huyo hakukosa kipande kwa uzembe. Kwa miongo kadhaa Wakenya wa kaskazini mashariki, na wengi wa Pwani wenye majina ya Kiislamu, walipigwa msasa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho ambacho Mkenya wa Nyeri anakipata kwa kupeleka nakala ya kipande cha babake. Agizo la kuuondoa msasa huo lilitoka Februari 2025. Maana yake kijana wa Mandera aliyetimiza miaka 18 mwaka 2013, duka kubwa la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa, alikuwa amekaribia miaka 30 nchi yake ilipokubali kwamba huenda ni mwenyeji.

Twende kwenye mikono iliyofungwa. Aprili 2014 mikono ilifunguliwa. Operesheni Usalama Watch iliingia Eastleigh, Nairobi, na mitaa mingine ya Wasomali. Watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi wakafungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, mahali tulipozoea kwenda kushangilia wanariadha. Milango ilivunjwa usiku. Wakazi wa mtaa ule wanasema askari wamezoea kuwaita ATM: ukibonyeza, pesa zinatoka. Aliyekuwa na kitu alitoa akabaki nyumbani, asiyekuwa nacho akalala Kasarani. Huo haukuwa msako wa magaidi, ulikuwa msako wa maskini.

Usalama ukaja? Juni mwaka huo huo Mpeketoni ikachomwa, zaidi ya watu 60 wakauawa huko na vijiji vya jirani. Novemba, abiria 28 wa basi la Mandera walitengwa na wenzao wakapigwa risasi. Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa kwenye machimbo karibu na mji huo huo. Bunge likapitisha sheria mpya za usalama katika kikao kilichogeuka kuwa ngumi na kurushiana maji. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane vya sheria hizo, na wimbo wa mikono iliyofungwa ukaanza upya. Aprili 2, ikaja Garissa.

Hapo Garissa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hoja ya bahati inapofia. Wanafunzi walikuwa wamelala, wengine wakisali sala ya asubuhi, washambuliaji wanne walipoingia chuo kikuu kabla jua halijachomoza. Tahadhari zilikuwa zimetolewa siku zilizotangulia. Balozi za kigeni zilionya raia wao, na jana yake tu rais alikuwa amezishutumu hadharani kwa onyo hilo. Lango lilikuwa na askari wa kuhesabika. Kikosi maalumu cha polisi cha Recce, ambacho kazi yake ni kukabili mashambulio kama hayo tu, kilikuwa Nairobi. Kilifika alasiri. Waandishi wa habari walioendesha gari kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 360, walifika kabla ya kikosi kilichopaswa kuruka kwa ndege. Na kilipoingia hatimaye, kilimaliza kazi kwa muda mfupi tu. Watu 148 walikuwa wamekwisha kufa, wengi wakiwa wamejificha chini ya vitanda na makabatini, wakiwanong'oneza wazazi wao kwenye simu.

Niambieni, hapo sheria gani kali ilikosekana? Ni kifungu gani cha katiba kilichoizuia ndege kuruka saa moja asubuhi? Ndege haikuzuiwa na adui asiye na sura. Ilichelewa kwa sababu aliyepaswa kuamua hakuamua, na aliyepaswa kuulizwa baadaye hakuulizwa vya kutosha. Kuita hilo ukosefu wa ulinganifu ni kuwatukana marehemu.

Mtu akibisha, namwekea Westgate na hoteli ya DusitD2 mezani. Westgate, Septemba 2013: washambuliaji wanne, waliouawa 67, siku nne za mzingiro. Polisi na jeshi waligombania amri mpaka risasi za wanajeshi zikamuua kamanda wa Recce aliyekuwa ndani. Kisha kamera za dukani zikawaonyesha wanajeshi wakitoka na mifuko ya plastiki. Jeshi lilisema ni maji ya kunywa. Baadaye likakiri kwamba wawili wamefukuzwa na kufungwa. DusitD2, Januari 2019, katika jiji hilo hilo, chini ya katiba hiyo hiyo na majaji wale wale: kikosi kiliingia mapema, amri ikawa moja, zaidi ya watu 700 wakatolewa hai, mzingiro ukaisha kesho yake. Tulipoteza 21, na kila mmoja ana jina na mama. Lakini tofauti kati ya shambulio hili na lile haikuletwa na kufunguliwa mikono. Ililetwa na mikono hiyo kujifunza kushikana.

DusitD2 ina jambo jingine linalonikera zaidi. Mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, mtoto wa mwanajeshi, aliyepanga nyumba Muchatha, kaunti ya Kiambu, na kuishi na majirani kama mpangaji yeyote. Siku chache kabla ya shambulio, samani za nyumba yake zilitangazwa mtandaoni ziuzwe. Adui asiyeonekana alikuwa anatafuta mnunuzi wa makochi. Majirani walimwona kila siku. Swali ni kama kuna jirani ambaye, akishuku, angejua aende kwa nani asirudi yeye akiwa mshukiwa. Mpango wa Nyumba Kumi tuliuazima Tanzania tukidhani siri yake ni hesabu ya nyumba. Siri ya balozi wa nyumba kumi ilikuwa kwamba watu walimjua na walijua mahali pa kumshtaki akikosea. Bila hilo, nyumba kumi ni nyumba kumi tu.

Tanzania nako waliipata yao. Mwaka 2017, Kibiti na Rufiji, watu wasiojulikana waliwaua askari wanane kwa mkupuo mmoja mwezi wa Aprili, lakini kabla na baada ya hapo waliwawinda watu ambao hakuna mtaalamu wa studio angewaita shabaha ya kijeshi: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama. Mmoja mmoja, usiku, mlangoni pake. Wauaji wale walielewa vita kuliko wataalamu wetu. Walijua kwamba kijijini dola haina kifaru. Dola ni mzee mmoja mwenye muhuri kwenye mfuko wa shati. Ukimuua yeye na wa pili akaogopa kuupokea muhuri, umekwisha kuiteka nchi mahali pale, bila kupandisha bendera.

Wenzetu walio upande wa pili wa Ruvuma, huko Msumbiji, wameyaona hayo kwa ukubwa zaidi. Oktoba 5, 2017, vijana ambao wenyeji waliwaita mashababi walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, mji wa Wamwani na Wamakonde ambako Kiswahili kinasikika sokoni. Dunia iliamka pale gesi ilipoguswa, Machi 2021, Palma iliposhambuliwa na mradi wa TotalEnergies wa dola bilioni 20 ukasimama. Wataalamu wakasema ugaidi wa kimataifa umefika Cabo Delgado. Umefika, sikatai, na bendera zake tumeziona. Lakini ulikuta nini? Ulikuta jimbo la rubi ambako, mapema mwaka 2017, maelfu ya wachimbaji wadogo, Watanzania wakiwemo, walitimuliwa Montepuez kupisha eneo la kampuni ambayo jenerali wa chama tawala alikuwa mbia wake. Kampuni mama, Gemfields ya Uingereza, ililipa pauni milioni 5.8 mwaka 2019 kumaliza madai ya wanakijiji waliosema walipigwa, walichomewa nyumba na kuuliwa watu wao, ingawa haikukiri kosa. Sisemi rubi ilizaa vita. Nasema mhubiri aliyemwambia kijana wa kule kwamba serikali ni ya wezi hakulazimika kuhubiri sana.

Hapa huinuliwa mkono kutoka nyuma ya ukumbi: mbona Rwanda ilipeleka wanajeshi 1,000 Julai 2021, na Agosti Mocímboa ikakombolewa? Si nguvu hiyo? Ni nguvu, ndiyo, na siwabezi waliokwenda. Bunduki ina kazi yake, mwenye kudai vita hivi vitaisha kwa semina hajawahi kukimbia kijiji kinachoungua. Lakini waulize watu wa Palma kilichowashangaza. Wanajeshi wa Rwanda walitembea kwa miguu kati yao na kuzungumza nao Kiswahili. Jeshi la nchi yao wenyewe lilikuwa limewazoesha mengine. Na nguvu ile ilipofika, wapiganaji walihama. Februari 2024 walikuwa Chiúre, kusini kabisa mwa jimbo, na Mei mwaka huo waliingia Macomia. Jeshi la mgeni linaweza kukukomboa mji, ila halitakutolea hati ya shamba.

Wapo wanaotaka tuseme tatizo ni dini, tena wanalisema kwa sauti ya chini kana kwamba ni siri. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilichapisha utafiti uliowahoji mamia ya watu waliojiunga kwa hiari na makundi haya barani Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni tendo la serikali, mara nyingi kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Hawakusema ni aya ya msahafu. Na tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine la Mandera liliposimamishwa na wapiganaji wakataka Wakristo watengwe kama mwaka uliotangulia, abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwavisha wenzao wasio Waislamu mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika ubishi huo, akafariki Januari iliyofuata. Wakristo wale waliokolewa na abiria wenzao, watu ambao nusu yao pengine wamewahi kuulizwa na kamati ya msasa kama kweli ni Wakenya.

Kuhusu ukuta nitasema machache, maana hauhitaji mengi. Baada ya Garissa tuliahidiwa ukuta wa mpaka wa Kenya na Somalia, wenye kilomita kama 700. Miaka kadhaa baadaye, wabunge waliposimamisha mradi, zilikuwa zimepatikana kilomita zisizozidi 10 za seng'enge pale Mandera, kwa shilingi bilioni 3 na ushei. Wakati huo huo magendo ya sukari kutoka Kismayu yalikuwa yanapita barabarani, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wanaandika mwaka baada ya mwaka kwamba mkaa uliopigwa marufuku tangu 2012 bado unapakiwa bandari ile ile iliyokombolewa na wanajeshi wetu, na Al-Shabaab bado wanapata mgao wao. Jeshi lilikanusha. Seng'enge haikuulizwa.

Na Boni? Septemba 2015 ilitangazwa operesheni ya siku 90 katika msitu huo wa Lamu. Miaka ikapita, jina likabadilishwa, wanajeshi bado wapo. Waaweri, wenyeji wa msitu, walikatazwa kuingia walikozoea kurina asali, na shule za watoto wao zikafungwa kwa ajili ya usalama. Hao ndio watu wanaoijua kila njia ya msitu ule, kila shina, kila kisima. Tukawafukuza darasani na msituni kwa pamoja, kisha tukaagiza ndege za kutazama kutoka juu yale ambayo wao wangeyaona kwa macho, kama wangekuwa na sababu ya kutuambia.

Nimebakiza ushahidi ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu unawahusu Al-Shabaab wenyewe kuonja dawa yao. Mwaka 2022 ukame ulikuwa umeikausha Somalia. Huko Hiraan wafugaji walikuwa wanazika ngamia, na mkusanya zaka akaja vile vile na daftari lake, akitaka mifugo, na vijana wa kwenda kupigana. Visima vililipuliwa kuwaadhibu waliogoma. Septemba, malori ya chakula yalichomwa njiani kuelekea Mahas na karibu watu 20 wakauawa. Dola ya kuigiza ilikuwa imekuwa dola mbaya, na watu wake wakaiasi kama watu wanavyoasi dola mbaya. Waliitwa Macawisley, watu wa vikoi, wafugaji wenye bunduki kuukuu na hasira mpya. Serikali ilipoona wameanza, ikaungana nao na jeshi lake na ndege za marafiki zake, na kwa miezi michache yakakombolewa maeneo ambayo kwa zaidi ya miaka 10 yalikuwa chini ya kundi hilo. Desemba 2022 wakaingia Adan Yabaal.

Tazama nani alimtikisa nani. Wale mabwana wa vita visivyo na ulinganifu walitikiswa na wanyonge kuliko wao, kwa kosa lile lile ambalo serikali zetu hulifanya kila siku kwenye vizuizi. Kama unyonge wenyewe ungekuwa silaha, wafugaji wa Hiraan wangeshinda tangu zamani. Walichokuwa nacho mwaka ule ni kwamba kila mtu kijijini aliacha kumficha mkusanya kodi.

Kisha? Miji iliyokombolewa ilisubiri hakimu, ikasubiri mwalimu, ikasubiri karani wa kuandika nani ana kisima kipi. Walioanza kufika ni watu wa vizuizi. Aprili 2025 Al-Shabaab waliichukua tena Adan Yabaal.

Bajeti ya usalama itasomwa tena mwezi wa Juni, na tutaambiwa tena habari za kivuli. Mbunge wako ana haki ya kuuliza ni askari wangapi wa vizuizini walioshtakiwa kwa hongo mwaka uliopita, ni watoto wangapi wa Boni waliorudi darasani, na ndege ya Recce inalala wapi usiku. Asipouliza, mwulize wewe. Na safari ijayo, ukishushwa kwenye basi ukatakiwa kutoa chochote, omba risiti.